Nani Atajibu kwa Ajili ya Chuma?



Jioni moja, masomo ya wakatekumeni yalipokwisha na wengine wote wamekwenda zao, mhunzi mmoja alibaki ameketi kwenye benchi la nyuma. Yeye ni mtu wa makamo, mwenye bidii katika mafundisho. Kiwanda chake kipo chini ya mwembe, kando ya barabara ipitayo katika uwanda wa Ruzizi. Huko hufua majembe, mashoka na visu kwa springi za magari yaliyokufa.

Akaniambia, “Mwalimu, nina neno. Usiku wa juzi alinijia mgeni. Ataka vichwa vya mikuki 30, kwa muda wa siku kumi, naye ameahidi kunilipa mara mbili ya bei yangu. Hakusema ni vya kazi gani. Nawe wajua kwamba siku hizi vijiji viwili vya huku kwetu vinagombania mipaka ya mashamba. Mimi ni fundi tu. Nikimfulia mtu huyu, na baadaye damu ikamwagika, je, kosa ni langu au ni lake?”

Nakiri kwamba sikumjibu papo hapo. Nilimwambia, “Mzee wangu, nipe siku tatu nifikiri.” Kwani swali lake si dogo. Si la mhunzi peke yake, bali ni la kila mtu ashikaye chombo cha chuma, na ni nani kati yetu asiyekishika? Basi natumaini kwamba mtakubali tulichunguze pamoja, hatua kwa hatua.

Kwanza yatupasa kujua chuma ni kitu gani.

Chuma hakioti juu ya ardhi kama muhogo, wala hakiokotwi tayari kama kokoto za mto. Chuma hukaa ndani ya mawe na udongo, kimefungamana na hewa ile ile tuivutayo tunapopumua. Tazama jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika: hupata kutu, na kutu hiyo ni chuma kilichokwisha kushikana tena na hewa. Jiwe la chuma ni kama kutu ya zamani sana iliyogandamana ardhini. Hata wekundu wa udongo wa vilima vyetu hutokana na chuma kidogo kilichomo. Wataalamu husema kwamba katika kila kilo 100 za ganda la dunia, kilo 5 hivi ni chuma. Lakini kidogo kilichotawanyika hakifai kuchimbwa. Hutafutwa mahali ambapo jiwe lenyewe ni zito, jekundu au jeusi, na mahali pengine zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma kitupu.

Ili kukitoa chuma katika jiwe, lazima kukitenga na hewa hiyo. Kazi hiyo hufanywa na moto pamoja na makaa: makaa yawakapo kwa ukali huinyang'anya jiwe hewa yake, na chuma hubaki. Babu zetu waliijua siri hii. Katika Buhaya, Rwanda na Burundi, wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuru za tangu miaka 2000 hivi iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya, waliokumbuka bado kazi ya ujana wao, walijenga tena tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, nao wataalamu wakastaajabia maarifa yao.

Na kusini-mashariki ya ziwa letu, katika nchi ya Ufipa, wazee walijenga tanuru za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, wakaziita malungu. Walizijaza makaa na mawe ya chuma, wakawasha moto, na upepo ukaingia wenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini. Baada ya siku kadhaa ulipatikana mkate wa chuma, mchafu, wenye vishimo kama sifongo. Huo uliwekwa tena katika tanuru ndogo yenye mivukuto ili usafishwe, na mavi ya chuma yakajitenga. Hapo ndipo mhunzi alipoupokea kwenye fuawe, akaupiga nyundo mpaka ukawa jembe.

Angalieni basi ni mikono mingapi ilihitajiwa: ya mchimba mawe, ya mkata miti, ya mchoma makaa, ya mfinyanzi wa tanuru, ya mvukutaji na ya mfuaji. Kwa hiyo jembe lilikuwa kitu cha heshima. Katika Rwanda na Burundi lilitolewa hata katika mahari, kwa maana lilibeba ndani yake uhai wa nyumba mpya.

Tena katika nchi nyingi za maziwa, wayeyushaji walijiwekea miiko. Siku za tanuru walijitenga na wake zao, na mgomvi hakuruhusiwa kukaribia. Miiko mingine ilichanganyika na hofu na uganga, nasi hatuifuati. Lakini ndani yake mlikuwamo fikira moja ya kweli: anayetaka kuzaa chuma na ajichunge kwanza nafsi yake, kwani hajui kitakachotoka motoni kitafika wapi.

Siku hizi kazi ile ile hufanywa kwa ukubwa unaopita mawazo yetu. Katika nchi kama Australia na Brazili milima mizima huchimbwa kwa mashine, na mawe husafirishwa kwa treni ndefu mpaka kwenye meli. Tanuru za kisasa ni ndefu kuliko mnara wa kanisa. Hutiwa mawe ya chuma, mawe ya chokaa, na makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, na chuma hutoka kinatiririka kama uji wa moto. Kisha hupulizwa hewa ili kupunguza makaa yaliyobaki ndani yake, nacho huwa feleji, yaani chuma kigumu kisichovunjika upesi. Ulimwengu hutengeneza feleji karibu tani bilioni 1.9 kila mwaka, na zaidi ya nusu yake hutoka China.

Bila hiyo hakuna reli, hakuna daraja kubwa, hakuna bati juu ya shule yetu, wala msumari wa kulishikilia. Hakuna baiskeli ya mchuuzi wa ndagala, wala injini ya mashua, wala mkasi wa mkunga, wala sindano ya daktari. Viwanda vyote vya ulimwengu, hata vile visivyofua chuma, hutumia mashine za chuma. Ndiyo sababu mataifa hupimana nguvu kwa tani za feleji.

Sasa turudi kwenye swali la mhunzi. Je, kosa ni la chuma chenyewe?

Wako watu wasemao hivyo. Wameyaona mengi. Mwaka 1994 huko Rwanda panga, chombo cha kila mkulima, liligeuzwa kuwa chombo cha mauaji, na wengi waliokimbia walikuja kupiga kambi katika uwanda wetu wa Ruzizi. Mwaka 1996 vita ilianza huku huku kwetu, ikafika Uvira, ikaenea nchi nzima. Mtu aliyeyaona hayo akisema kwamba chuma kimelaaniwa, nani atamcheka?

Hata hivyo hasemi kweli. Nitatoa ushuhuda wa ziwa letu wenyewe. Wengi mmesikia habari za meli iitwayo Liemba. Iliundwa huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku mengi, ikaletwa Kigoma. Mwaka 1915 iliteremshwa majini kwa jina la Graf von Götzen, ikawekewa mizinga, ikawa meli ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitwaliwe na adui, lakini mafundi walipaka kwanza mafuta mazito katika injini zake, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Ikainuliwa kweli na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria na mizigo, kwa jina jipya la Liemba. Na mwaka 2015, yaani miaka 100 kamili baada ya kuteremshwa kwa vita, meli hiyo ilikwenda kijiji cha Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi, akina mama na watoto, ikawafikisha Kigoma salama.

Je, ubavu wake ulibadilishwa dhambi yake? La. Bamba zilizobeba mizinga ndizo zilizobeba watoto. Chuma hakikutubu, kwa kuwa hakikukosa. Waliobadilika ni watu waliokishika usukani na nia waliyokuwa nayo. Basi tumepata neno la kwanza: chuma hakina hatia wala hakina sifa. Hesabu hudaiwa mkono.

Lakini hapa mhunzi wetu aweza kusema, “Vema. Mkono uliochoma mkuki ni wa mgeni, si wangu.” Na hapa ndipo penye ugumu, kwa maana chuma hakipiti katika mkono mmoja. Mmoja huchimba, mwingine huyeyusha, mwingine husafirisha, mwingine hufua, mwingine huuza, na wa mwisho hutumia. Kila mmoja aweza kumwonyesha jirani yake kidole na kusema, “Mimi nilitimiza kazi yangu tu.” Kazi ikigawanywa kwa watu mia, je, hatia nayo hugawanywa mia, hata fungu la kila mmoja likawa dogo lisiloonekana?

Tuangalie jambo lililotokea kweli. Huko Brumadinho, nchi ya Brazili, palikuwa na mgodi wa mawe ya chuma. Mawe yakioshwa, maji machafu na matope hubaki, nayo huzuiliwa kwa ukuta mkubwa wa udongo ulio kama boma. Chini ya ukuta huo zilikuwapo nyumba za kazi na chumba cha kulia chakula. Tarehe 25 Januari 2019, wakati wa mchana, ukuta ulivunjika. Matope yalishuka kwa nguvu yakawafunika watu, na 270 walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi.

Watu wale hawakufa vitani. Hawakuchomwa mkuki na mtu. Walikuwa wakitafuta mkate wao katika kazi ambayo ulimwengu wote waihitaji. Lakini ukuta haukujijenga wenyewe. Yuko aliyeuchora, yuko aliyepewa kazi ya kuukagua, yuko aliyeamua kwamba watu waendelee kula chakula chini yake. Je, mwendesha gari la mgodi ana deni sawa na yule aliyekuwa na uwezo wa kuamua? Hasha! Na mtu wa mbali aliyenunua msumari uliotokana na mawe kama yale, je, ana hatia ya kifo chao? Hapana, kwani hakujua wala hakuweza kujua.

Basi hapa twapata kipimo cha pili: kila mkono hujibu kwa kadiri ya ujuzi wake na kwa kadiri ya uwezo wake. Ajuaye zaidi hudaiwa zaidi. Awezaye kuzuia naye asizuie, hudaiwa kama mtendaji. Wingi wa mikono hauipunguzi hatia ya mtu anayejua. Watu kumi wakiubeba mti na kuuangusha makusudi juu ya nyumba ya jirani, hakuna atakayeachiliwa kwa kusema kwamba alibeba sehemu ya kumi tu.

Lakini yafaa tuongeze neno hapa. Yuko mtu asiyejua kwa sababu hana njia ya kujua. Yuko na mwingine asiyejua kwa sababu amefumba macho. Huyu wa pili huogopa kuuliza, kwa maana ameonja jibu moyoni mwake kabla hajaambiwa. Mgeni ajaye usiku, alipaye mara mbili, asiyesema shabaha yake, amekwisha kusema nusu ya shabaha hiyo. Kutouliza katika saa kama hiyo si ujinga, bali ni uchaguzi.

Sasa tusikilize visingizio vitatu ambavyo kila mmoja wetu amepata kuvitumia.

Cha kwanza: “Nisipofanya mimi, atafanya mwingine.” Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyeulizwa atajibu nini kwa ajili ya mwingine. Kama wahunzi wote wa uwanda huu wangesema hivyo, mikuki ingepatikana katika kila kiwanda. Na kama kila mmoja angekataa, mgeni angezunguka mpaka hasira yake ipoe njiani.

Cha pili: “Watoto wangu wala nini?” Kisingizio hiki si cha kudharauliwa. Njaa ni kitu cha kweli, na mwenye kushiba asimhukumu mwenye njaa upesi. Lakini watoto wa kijiji cha pili nao wala chakula, nao wana baba. Je, mkate wa mtoto wangu ununuliwe kwa baba wa mtoto mwingine?

Cha tatu: “Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.” Mithali hii hueleza mambo yalivyo mezani, haielezi yanavyopaswa kuwa. Wazee walipoisema walitufundisha kujitayarisha kwa kazi, hawakutufundisha kunyang'anya.

Labda mtu mwingine atasema, “Kama mambo ni ya hatari hivi, afadhali mhunzi avunje mivukuto yake, awe mvuvi.” La, hilo nalo lingekuwa kosa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, twasoma kwamba kulikuwa na wakati ambapo hapakuonekana mhunzi katika nchi yote ya Israeli. Wafilisti waliwazuia wasiwe na wahunzi, ili wasipate silaha. Matokeo yake, kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe au shoka lake alilazimika kushuka kwa Wafilisti na kulipa. Taifa lililokosa mhunzi halikupata amani kwa kukosa huko, bali lilipata utumwa.

Na sisi je? Nchi yetu ya Kongo ina mawe ya chuma, kwa mfano huko Banalia, upande wa kaskazini. Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda kikubwa cha feleji huko Maluku, kando ya mto Kongo, si mbali na Kinshasa, kikapewa umeme wa Inga. Lakini mawe ya nchi hayakufikishwa kiwandani. Kililishwa chuma chakavu kilichonunuliwa nchi za nje, hakikufikia hata robo ya nguvu yake, na mwishowe kilinyamaza. Hapa karibu nasi, zamani za Wabelgiji palikuwa na reli kutoka Kalundu kupita uwandani mpaka Kamanyola, leo haipo. Basi jiwe likilala ardhini si utajiri bado. Utajiri ni jiwe pamoja na maarifa, uaminifu na mikono inayopatana. Ndiyo sababu mhunzi wa kijiji, hata yule afuaye springi za magari, ni mtu wa thamani kwetu. Tunamhitaji kiwandani mwake, mradi awe mtu anayeuliza.

Siku ya tatu nilikwenda chini ya mwembe. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza mhunzi haya yote niliyowaandikia. Nilimkuta akifua jembe, na mwanawe akivukuta. Akanikaribisha kiti, kisha akaniambia, “Mwalimu, mgeni amekwisha kurudi.”

“Ulimjibu nini, mzee wangu?”

“Nilimwambia: kazi yako naiweza. Lakini njoo mchana, useme haja yako mbele ya wazee wa vijiji vyote viwili, nami nitakufulia wao wakisikia. Akaniambia kwamba mimi ni mwoga. Akaondoka na fedha zake.”

“Hakurudi tena?”

“Hakurudi. Nami nilikuwa nimekwisha kuzihesabu fedha zile kwa karo ya mtoto huyu.” Akamtazama mwanawe, naye kijana akainamisha kichwa, akaendelea kuvukuta.

Nilinyamaza. Nilikuja kumfundisha, kumbe yeye alikuwa amekwisha kulipia somo kwa karo ya mwanawe, nami nilikuwa nimelifikiri tu. Sijui kama mgeni yule alipata mhunzi mwingine. Najua kwamba hakuipata mikuki ile chini ya mwembe ule.

Basi, ndugu zangu wakatekumeni, kesho asubuhi mtakaposhika majembe kwenda shambani, yatazameni kidogo kabla ya kuanza kulima. Mtu msiyemjua alichimba jiwe lake, labda katika hatari. Mwingine aliungua jasho mbele ya tanuru. Wote hao wameliweka mikononi mwenu, na mikono yenu ndiyo ya mwisho. Chuma hakitajibu kwa ajili ya kazi iliyofanywa nacho. Tutajibu sisi, kila mtu kwa kadiri ya alivyojua, na kwa kadiri ya alivyokataa kujua.